Usiache kazi kwa jina la kujisalimisha, huko nilishapita

Mkuu, hiyo barua usiipeleke. Mengine tutaongea, ila barua ya kuacha kazi ibaki hapo ilipo mpaka umalize kusoma hapa.

Kwa waliochelewa: mleta uzi amekuwa akifanya zoezi la kujihoji "mimi ni nani?" kwa njia ya Ramana Maharshi, yule mtawa wa India, sasa anataka kuongeza kujisalimisha, yaani kumkabidhi Mungu kila kitu. Anauliza kama njia hizi mbili zinakwenda pamoja au achague moja, akae saa ngapi kwa siku, ale nini, na kama ni lazima awe na mwalimu aliye hai. Maswali mazuri tu. Halafu mwishoni, kama kitu kisicho na uzito, anachomeka kwamba mwisho wa mwezi anaacha kazi kwa sababu kiongozi wa kundi lake amemwambia "anayepanga bado hajajisalimisha". Na kwamba "kuna kamkopo, ila katajimaliza kenyewe".

Hapo chai ikanipalia.

Sentensi hiyo naijua. Niliimeza nzimanzima, na walioumwa tumbo ni wengine.

Swali la kwanza nalijibu haraka ili twende kwenye moto. Ndiyo, vinakwenda pamoja. Ramana alikuwa akiwaambia watu kwamba njia ni mbili: ama ujiulize u nani, ama ujisalimishe, na zote zinafika palepale. Sababu ni kwamba zote zinashambulia kitu kimoja, ule umimi unaodai kila kitu kuwa chake. Kujihoji kunautafuta hadi usionekane. Kujisalimisha kunaunyang'anya kiti. Na kujihoji si kurudiarudia "mimi ni nani, mimi ni nani" kama mtu anayehesabu shanga. Wazo likija, unauliza limemjia nani. Limenijia mimi. Huyo mimi ni nani? Basi, unatulia na ile hali ya kuwepo kabla haijajipachika jina. Ukipata jibu la maneno, hata liwe zuri vipi, hilo nalo ni wazo, liulize limemjia nani. Mafundisho haya yapo tangu mwaka 1902 hivi, pale mtumishi mmoja wa idara ya mapato, Sivaprakasam Pillai, alipomfuata Ramana, bado kijana, mlimani na kumuuliza maswali, naye akamjibu kwa kuandika kwa kuwa wakati ule hakuwa akizungumza. Baadaye kikatoka kijitabu, "Mimi ni nani?" Soma hicho, achana na klipu za dakika moja.

Sasa tuje kwenye kamkopo.

Mimi nami nilikuwa nako. Mdhamini wangu alikuwa shemeji yangu, kaka wa mke wangu, mtu wa maneno machache, aliyetia saini bila hata kuuliza hela ni za nini. Nilipoacha kazi sikumwambia. Si kwamba nilikusudia kumficha. Kwa akili niliyokuwa nayo, kumwambia kungekuwa kupanga, na mimi nilikuwa nimeshakabidhi. Ujumbe wa kukumbushwa marejesho ukiingia, nafumba macho, nauliza "huyu anayeogopa ni nani?", utulivu unashuka, nafuta ujumbe. Unaona utamu wake? Kila deni likawa meditesheni. Kuna wiki nilimeditesha sana.

Na utulivu ule, wakuu, haukuwa wa kuigiza. Hilo lishike vizuri, maana najua utanijibu kwamba wewe tangu uamue umekuwa mwepesi, unalala vizuri, unahisi upo mahali sahihi. Nakuamini kabisa. Mtu yeyote akiacha kufungua barua za madeni atakuwa mwepesi. Mlevi huwa mwepesi. Aliyepigwa nusukaputi ni mwepesi kuliko sisi sote. Mimi wepesi wangu niliupa jina la Kisanskriti, basi ukapanda cheo.

Nyumbani mke wangu alianza kuchukua kazi za jioni. Nikaona hiyo ndiyo ile inayosemwa, kwamba ukiachia, maisha yenyewe yanakupangia. Maisha, yaani mke wangu.

Kisha makato yakaanza kutoka kwenye mshahara wa shemeji. Akaja. Hakupiga kelele. Alikaa, akasema amekatwa, akauliza nina mpango gani. Nami, Mwenyezi Mungu anisamehe, nikamtazama kwa yale macho ya upole tuliyokuwa tunaigana kwenye kundi, nikamwambia, "Shemeji, hebu angalia kwa ndani. Anayedaiwa ni nani?"

Akafikiri kidogo. "Sijui ni nani," akasema, "ila anayelipa ni mimi."

Akaaga, akaondoka. Jibu lilikuwa limenyooka kuliko yote niliyowahi kuyasikia kwenye mikusanyiko ile, na limetoka kwa mtu asiyejua Tiruvannamalai, huko alikoishi Ramana, ni mji au ni dawa ya minyoo. Ungetegemea nishtuke. Sikushtuka. Nilikwenda kuwasimulia wenzangu kwenye kundi, na kiongozi akatabasamu, akasema shemeji yako bado yumo ndotoni.

Niseme kidogo kuhusu huyo kiongozi, halafu nitulie. Alikuwa akituambia hana "mimi" tena, imeyeyuka. Akaunti ya michango ilikuwa na jina lake kamili, majina matatu. Alikuwa akituambia kupanga ni woga wa nafsi. Ratiba ya makambi yake ilikuwa imeshatoka ya mwaka mzima, na ukichelewa kulipia unapoteza nafasi. Mtu akisema ana mashaka, anaambiwa hiyo ni nafsi inajitetea. Mtu akisema anaumwa, anaambiwa anang'ang'ania mwili. Wakati Ramana huyohuyo aliyekuwa akimnukuu, uvimbe ulipomtoka mkononi alikubali madaktari wampasue, tena zaidi ya mara moja, kabla hajafariki Aprili 14, 1950. Hakuna aliyemwambia yumo ndotoni. Sisi tuliambiwa hospitali ni udhaifu wa imani na mtu ambaye meno yake, nina hakika, yalikuwa yamepita kwa daktari mzuri sana.

Nimetulia.

Kosa lenyewe lilikuwa wapi? Makundi yote yanapenda kuunukuu mfano wa treni uliomo kwenye kile kijitabu: treni inabeba mizigo yote, kwa hiyo ukishapanda, ya nini uendelee kubeba furushi lako kichwani, uliweke chini utulie. Mfano mzuri. Mimi furushi sikuliweka chini. Nilimtwika abiria wa pembeni, nikanyoosha mgongo, nikaanza kusifia jinsi safari ilivyo nyepesi.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja, na ndiyo pekee niliyonayo: kabla hujaliita jambo kujisalimisha, tazama ukiliachia linamdondokea nani. Likimdondokea mtu, hujajisalimisha kwa Mungu wala kwa Nafsi Kuu wala kwa chochote. Umejisalimisha kwa mtu huyo, bila kumwomba ruhusa. Kinachotakiwa kuachwa ni ule wasiwasi, na lile dai la kwamba "mimi ndiye ninayeendesha". Marejesho yanabaki palepale tarehe ileile.

Najua jibu la kundi: lakini Ramana mwenyewe aliacha kila kitu akaondoka! Nililitumia sana hilo. Sasa tuliangalie taratibu. Ilikuwa mwaka 1896, alikuwa na miaka 16, mwanafunzi. Hana mke, hana mtoto, hana mkopo, hana mdhamini. Kaka yake alikuwa amemwagiza achukue rupia tano akamlipie ada ya chuo. Alichukua tatu za nauli, akaacha mbili pamoja na kikaratasi, na kwenye kikaratasi hicho akakumbusha kwamba ada ya kaka bado haijalipwa. Mtu anakwenda kuuacha ulimwengu moja kwa moja, hatatoka tena Tiruvannamalai kwa zaidi ya miaka hamsini, na bado anaacha hesabu mezani! Mimi sikuacha hata kikaratasi.

Kuna na ile habari ya miezi yake ya mwanzo, alivyokaa kwenye chumba cha chini ya hekalu wadudu wakimla mapaja hadi wengine wakamtoa. Hiyo nayo tulikuwa tukiisimulia kama vile ni silabasi. Ni kweli watu walimbeba, wakamlisha. Ila nenda kaangalie: hakuna hata mmoja aliyekuwa amedhamini kitu. Walikuja wenyewe. Na baadaye, watu wenye familia na ajira walipomwendea wakitaka baraka waache nyumba waende porini, hakuwa akiwasindikiza. Alikuwa akiwaambia akili wanayoikimbia nyumbani wataikuta hukohuko porini. Mama yake mwenyewe alikuja kuishi naye tangu 1916 hadi alipofariki 1922, hakumfukuza kwa kuwa ni "kifungo". Na kwenye jiko la ashramu, yale makao yake na wafuasi, alikuwa anaamka kabla ya alfajiri kukata mboga na wenzake. Kukata mboga, mkuu. Si kuzitazama zikijikata.

Nisargadatta Maharaj, mwalimu mwingine wa India ambaye naye anapendwa sana na hao wa "hakuna wa kufanya chochote", alikuwa mfanyabiashara wa sigara za bidi Mumbai. Baada ya guru wake kufariki aliiacha familia mwaka 1937 akaenda kuzurura kitawa. Mwaka uliofuata alirudi, kwa mkewe, kwa wanawe, na kwa duka. Mafundisho yake yanayosifiwa aliyatoa baada ya kurudi, akiwa nyumbani kwake. Hiki kipande cha kurudi, kwenye kundi letu hakikuwahi kusimuliwa.

Na Gita yenyewe, kile kitabu kitakatifu cha Wahindu? Inaanza na Arjuna, mpiganaji aliye vitani, kaweka upinde chini, anataka kuacha kazi. Sura 18 baadaye, baada ya kuambiwa ajisalimishe kabisa, anauokota. Sisi tulikuwa tunaisoma kuanzia mwisho kurudi nyuma, nadhani.

Basi ningefanya nini na ule ujumbe wa marejesho? Hili nalifanya sasa, kwa hiyo nalijua kwa mikono. Ujumbe unaingia, tumbo linakaza. Sifumbi macho ili hofu iondoke, maana hapo ndipo nilipokuwa nakosea: swali nililifanya ufagio. Nausoma ujumbe wote, na tarakimu zake. Hofu inakuja yote. Hapohapo nauliza, hii imemjia nani? Namtafuta anayeogopa, nabaki naye bila kumfukuza wala kumbembeleza. Wakati mwingine anayeyuka, wakati mwingine hayeyuki, na mara nyingi anageuka kuwa mtu mmoja anayeona aibu tu. Halafu, ayeyuke asiyeyuke, naujibu ujumbe. Kujibu ni sehemu ya zoezi. Ukijihoji bila kujibu, umekwepa kwa ustaarabu.

Na swali lenyewe ni la kwako peke yako. Usimuulize mke, usimuulize mdai, usimuulize mama anayelia. Ukijikuta unamwambia mtu mwingine "tazama ni nani anayeumia", simama, nenda kanawe uso.

Kuhusu kukaa saa ngapi: kwa hali yako ya sasa ningesema robo saa inatosha, halafu inuka ukampigie simu mdhamini wako. Nasema kweli. Hakuna kikao cha asubuhi kitakachokuonyesha umimi wako kwa uwazi kama sekunde zile simu inaita na hajapokea. Utauona ukiandaa maneno, ukitafuta namna ya kuonekana mtu mwema, ukiomba asipokee. Huyo ndiye uliyekuwa unamtafuta kwenye mto wa kukalia.

Mwalimu aliye hai, kama unaye, mpe mtihani mmoja: mwambie una mkopo na mtu amekudhamini, uone anaanza kuzungumzia nini. Akianza na yule aliyekudhamini, kaa naye. Akianza na "nani anadaiwa", chukua viatu vyako.

Shemeji namlipa kidogokidogo. Alinirudia kuongea kabla sijamaliza, na sitajifanya ni kwa sababu ya hali yangu ya kiroho. Nilirudi kazini, si ile, nyingine ya chini kidogo, na najihoji nikiwa kwenye foleni na nikiwa nakaripiwa na bosi. Kukaripiwa, kwa taarifa yako, kunafaa sana.

Sasa rudi hapa utujibu, usituandikie kuhusu wepesi unaousikia. Mdhamini wako ni nani kwako, na je, anajua kuhusu mwisho wa mwezi?