Fedha za kumtibu mtoto: maswali ya wasomaji

Mtoto wangu ana miezi 2, alizaliwa na mdomo wa sungura. Kliniki imenitajia shilingi milioni 3. Niombe msaada wapi? (Mama, Busia)

Mama, usichangishe hata shilingi moja kwanza. Upasuaji huu tayari una mfadhili: shirika la Smile Train huzilipa hospitali washirika wake, na hapa Uganda mojawapo ni CoRSU iliyoko Kisubi, kwenye barabara ya Entebbe. Mzazi halipii upasuaji.

Shughuli yako kubwa sasa ni uzito. Madaktari wengi hutumia kipimo cha zamani: mtoto awe na wiki 10, kilo 4.5 hivi, na himoglobini (kipimo cha wingi wa damu) ya 10. Asipofika hapo anarudishwa nyumbani anenepe. Kama kaakaa nalo limepasuka, hawezi kuvuta ziwa kwa nguvu kwa sababu hewa inapitia puani. Kamua maziwa, mnyweshe kwa kikombe kidogo au kijiko akiwa ameketi wima, na umcheulishe mara kwa mara. Kaakaa hufungwa kwa upasuaji wa pili, mara nyingi anapokaribia mwaka mmoja. Piga simu uulize siku ya kliniki kabla ya kulipa nauli.

Mwanangu wa miaka 3 ana tundu kwenye moyo. Nimeandikia mashirika matatu, hakuna lililojibu. Nakosea wapi? (Baba, Arua)

Baba, hatujaziona barua zako, lakini zinazokwama hufanana: kurasa mbili za kueleza umaskini, na hakuna karatasi hata moja inayosema mtoto anaumwa nini hasa na zinatakiwa shilingi ngapi. Wanaopitisha maombi hawana shaka kwamba una shida. Wanachotafuta ni kitu cha kuweka kwenye faili.

Anza na ripoti ya daktari wa moyo. Picha ya kipimo peke yake haitoshi. Iwe barua yenye sahihi na muhuri, inayotaja aina ya tundu, ukubwa wake kwa milimita, hali ya shinikizo kwenye mapafu, na upasuaji unaopendekezwa. Taasisi ya Moyo ya Uganda, pale Mulago, ndiyo yenye wataalamu wa moyo wa watoto. Ripoti ikishapita miezi sita, tarajia kuambiwa urudie kipimo, maana moyo wa mtoto hubadilika. Mwombe daktari aandike pia upasuaji usichelewe zaidi ya lini. Tundu kubwa husukuma damu nyingi mno mapafuni; mishipa ya mapafu hukakamaa taratibu, na ikishakakamaa kabisa, kuliziba tundu kunakuwa hatari kuliko kuliacha. Mstari huo mmoja wa daktari una uzito kuliko kurasa zako zote mbili.

Pili, ankara ya makadirio kutoka hospitali, yenye mchanganuo (upasuaji, siku za uangalizi maalumu, dawa, vifaa) na akaunti ya hospitali. Mifuko ya kweli huilipa hospitali moja kwa moja. Ukiandika namba yako ya simu ili utumiwe fedha, unajiharibia mwenyewe.

Tatu ni vitambulisho, na hapa ndipo wengi wanapokwama bila kujua. Kadi ya chanjo inasema Musa, cheti cha kuzaliwa cha NIRA (mamlaka ya vitambulisho na usajili) kinasema Moses, ripoti ya hospitali ina jina la babu. Anayesoma anaona watoto watatu. Rekebisha kwa hati ya kiapo kabla ya kuomba, na uiambatanishe.

Ongeza barua ya mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) yenye muhuri, na ya afisa ustawi wa jamii wa hospitali. Huyu wa pili mtafute mapema, kwa sababu ndiye anayejua timu za madaktari wageni zinakuja lini na nani analipia nini. Kisha useme wazi umeshapata kiasi gani na kimebaki kiasi gani. Shirika moja ni nadra kulipa gharama yote, lakini mengi hukubali kuziba pengo likiona wengine wameanza. Ukificha mchango mwingine na ukajulikana, wote wanaondoka.

Nimeona mfuko wa Marekani unaotoa dola 5,000 kwa mtoto mgonjwa. Naweza kuomba? (Msomaji, Kasese)

Hapana. Huo ni UnitedHealthcare Children's Foundation. Unawasaidia watoto wanaoishi Marekani ambao tayari wana bima binafsi ya afya ya huko, kwa gharama ambazo bima imeziacha. Usipoteze siku zako hapo.

Aliyejitaja kuwa wa shirika anataka shilingi 50,000 za kufungua faili, nitume kwa simu. (Baba, Koboko)

Usitume. Ni wizi. Na usimpe picha ya kitambulisho chako.

Mtoto wa kaka yangu alizaliwa bila njia ya haja kubwa. Alitobolewa tumboni, deni la hospitali limebaki. Mfuko unaweza kulipa? (Shangazi, Bweyale)

Deni la zamani mifuko mingi hailipi, ndiyo maana tunasisitiza kuomba kabla ya matibabu. Nenda kwa msimamizi wa hospitali, mwombe mpango wa kulipa kidogo kidogo, uandikwe.

Lakini shangazi, fikiria yaliyo mbele. Tundu la tumboni, la kupitishia kinyesi kwa muda, ni hatua ya kwanza tu. Ya pili ni kutengeneza njia yenyewe, ya tatu kulifunga tundu. Ombi linalotaja hatua moja humwacha mtoto katikati ya safari. Hospitali ya upasuaji wa watoto ya shirika la EMERGENCY, iliyofunguliwa Entebbe mwaka 2021, haitozi chochote. Waulizeni kwanza kabla ya kutafuta mfuko. Wakati mnasubiri, paka mafuta ya zinki kuzunguka tundu ngozi isichubuke.

Niko Nakivale. Kichwa cha mtoto wangu kinakua haraka, naambiwa nimpeleke Mbale. Nitumie mfuko gani? (Mama, mkimbizi)

Uliyoambiwa ni kweli: hospitali ya CURE iliyoko Mbale ndiyo yenye ujuzi wa maji kichwani kwa watoto. Lakini usiondoke bila rufaa. Anzia kituo cha afya cha kambi ukiwa na karatasi ya familia, uombe fomu ya rufaa kupitia shirika la afya linalofanya kazi na UNHCR (shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi). Ukijipeleka mwenyewe, kurudishiwa gharama ni vigumu sana. Uliza pia nauli na chakula cha mlezi, kwa sababu hivyo husahauliwa, na safari si moja: akiwekewa mrija wa kutoa maji kichwani, unaweza kuziba na ukalazimika kurudi.

Mpime kichwa kila wiki kwa utepe wa fundi cherehani, juu kidogo ya nyusi, ukizungusha hadi kisogoni, na uandike tarehe na sentimita. Nenda na karatasi hiyo kituoni. Akianza kutapika, kulegea, au macho yakielekea chini muda wote, mpeleke siku hiyo hiyo, hata kama fomu haijatoka.