Jua linawaka, mto unapanda: swali kutoka Hananasif

SWALI: Shikamoo mhandisi. Nakaa Hananasif, Dar es Salaam, upande wa bondeni. Masika yaliyopita mvua ilinyesha tangu alfajiri ikakatika saa 4 asubuhi. Jua likatoka, tukaanika nguo. Saa 9 alasiri Msimbazi ukapanda ghafla, maji yakatufika magotini tukiwa ndani. Mzee wangu aliyekulia Magomeni anasema miaka ya sabini mto huu ulikuwa unajaa siku moja tu, kesho yake watu wanavuka kwa miguu. Majirani wengine wanasema tatizo ni taka, wengine wanasema bahari imepanda. Nani yuko sahihi? Na nikizungusha ukuta nyumbani utanisaidia?

JIBU: Marahaba, mwanangu, na poleni sana. Swali lako lina mambo mengi ndani yake, ngoja nilianzie pale kwenye jua.

Maji yaliyokuingilia saa 9 hayakuwa ya mvua ya Hananasif. Ya kwenu yalishapita mitaroni asubuhi ile ile. Yaliyokufikia alasiri ni ya Pugu. Msimbazi unaanzia kwenye vilima vya Pugu, Kisarawe, unapita Gongo la Mboto, Kinyerezi, Tabata, Vingunguti, Kigogo na Jangwani ndipo ufike kwenu, kisha unaingia baharini pale daraja la Salender. Njiani unapokea mito midogo, Luhanga, Ubungo na Ng'ombe. Safari yote ni kilomita 30 na kitu. Maji ya mafuriko katika mto wa namna hii hutembea takriban mita moja na nusu kwa sekunde. Piga hesabu utaona kwamba kilomita 30 zinayachukua karibu saa tano na nusu. Mvua iliyokatika Pugu saa 4 asubuhi, maji yake ya mwisho yanapita mlangoni kwako kwenye saa 9 na nusu. Kwa hiyo ukiona jua limetoka vizuri baada ya mvua kubwa, usishushe godoro bado.

Sasa ongeza bahari. Waulize wavuvi wa feri: siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji ya Dar es Salaam hujaa kwenye saa 10 alfajiri na tena kwenye saa 10 jioni. Tofauti ya kujaa na kupwa siku hizo hupita mita 3. Mto ukishuka na mzigo wa Pugu saa 9 na nusu, ukaikuta bahari imejaa pale mdomoni, hauna pa kumwagia. Unarudi nyuma, na unapanda hata kwenye mitaro ya mitaani, ile ambayo kazi yake ni kukutolea maji. Hananasif mna mitaro iliyochimbwa na wakazi wenyewe kwenye mradi wa miaka ya tisini, kazi nzuri kabisa, lakini mtaro wowote unamwaga mtoni. Mto ukiwa juu kuliko mtaro, maji yanageuka na kuja kwako. Mvua hiyo hiyo ikinyesha siku za maji mafu, bahari inapojaa kidogo tu, huenda ingekufika vifundoni tu. Hiyo ndiyo sababu mafuriko ya mwaka mmoja hayafanani na ya mwaka mwingine, na wanaoitaja bahari wana hoja. Usawa wa bahari duniani unapanda kweli, ila kwa milimita chache kwa mwaka. Kilichokulowesha siku ile, kama ilikuwa bamvua, ni kujaa kwa kawaida kulikokutana na mto.

Mzee wako naye yuko sahihi. Mvua kubwa zilikuwepo hata wakati wake. Desemba 2011, tarehe 20 hadi 22, ilinyesha mvua iliyotajwa kuwa kubwa kuliko zote jijini tangu 1954. Watu zaidi ya 40 walikufa, na wengi wa mabondeni wakahamishiwa Mabwepande. Huenda 1954 nayo ilikuwepo mvua ya namna hiyo. Kilichobadilika ni ardhi inayoipokea. Sensa ya 1967 ilikuta mji wa Dar es Salaam una watu chini ya laki tatu. Ya 2022 ilikuta mkoa mzima una 5,383,728. Huko juu, Ukonga, Kinyerezi, Segerea, palikuwa na mikorosho, minazi na vichaka, na udongo wa kichanga uliokunywa maji taratibu. Leo ni bati, sakafu na barabara. Chukua paa moja la mita 10 kwa 10. Mvua ya milimita 100 inaangusha juu yake lita 10,000, yaani matangi kumi ya lita 1,000, na yote yanateremka barabarani papo hapo. Zidisha kwa mapaa yote unayoyaona ukipita Kinyerezi.

Lakini nadhani jambo linalozungumzwa kidogo kuliko yote, na ndilo kubwa, ni mchanga.

Miaka michache iliyopita nilichimba shimo ukingoni, chini kidogo ya Jangwani, ili nione tabaka. Juu kabisa kulikuwa na mchanga mweupe, safi kama wa kujengea. Kisha utando wa tope jeusi linalonuka. Kisha mchanga tena, mnene zaidi. Nilipofika kama kiunoni nikakuta mfuko wa rambo wa buluu, umekunjika lakini mzima. Mfuko ule ulinipa umri wa ardhi: pale nilipokuwa nimesimama, ndani ya miaka ya mifuko ya plastiki, mto ulikuwa umejiongezea zaidi ya mita moja ya mchanga. Nilikaa pale kwa muda, maana ghafla nilielewa kwa nini tingatinga linazoa mchanga chini ya daraja la Jangwani kila mara na daraja bado linazama.

Mchanga huo unatoka vilimani. Mtu akisafisha kiwanja Pugu au Kinyerezi, akaacha udongo wazi masika yakamkuta, udongo unateremka. Wachimba mchanga nao wanabomoa kingo za mto huko juu, nyumba za watu zinabaki zinaning'inia. Mteremko mkali unaubeba mzigo huo wote hadi Kigogo. Kuanzia hapo bonde ni tambarare, maji yanapunguza kasi na kuuacha chini. Mto uliokuwa na kina unakuwa sinia. Mvua ile ile aliyoiona mzee wako, sasa inamwagwa kwenye chombo kifupi.

Kuhusu taka, majirani hawajakosea, kwani chupa na magunia vinaziba makalavati. Ila hata tukiokota kila chupa, mchanga bado utakuwepo. Na nyumba za bondeni? Mpango mji wa 1979 ulishalitaja bonde hili kuwa eneo la hatari lisilofaa kujengwa. Desemba 2015 nyumba nyingi za Mkwajuni na kwenu Hananasif zilibomolewa. Aprili 2018 mto ukafurika tena, mabasi ya mwendokasi yakazama kwenye karakana yao Jangwani. Kuwaondoa watu kunaokoa roho zao, na mimi naunga mkono kwa wanaolipwa haki yao, lakini hakumpunguzii mto hata tone moja. Mradi wa Bonde la Msimbazi, uliopata dola milioni 200 za Benki ya Dunia mwaka 2022, unajumuisha kuchimba mto na kujenga daraja jipya Jangwani. Ni jambo jema. Ila mto uliochimbwa utajaa tena kama vilima vitaendelea kumwaga mchanga, na pesa ya kupanda miti na kujenga mabwawa ya kunasa mchanga huko Pugu ndiyo ningependa kuiona ikilindwa kwanza.

Sasa ukuta wako. Maji ya kina cha mita moja yanasukuma kila mita moja ya ukuta kwa nguvu ya karibu kilo 500. Ukuta wa mita 10 unabeba tani 5, na wa tofali za inchi 5 bila nguzo za zege utalala, pengine juu ya mtoto. Hata ukisimama, maji yatapenya chini ya msingi na kupitia shimo la choo. Kama pesa ni kidogo, zitumie hivi: pandisha soketi na swichi hadi usawa wa kifua, mweleze fundi akutenganishie umeme wa chini na wa juu. Jenga kizingiti cha zege mlangoni, cha goti, cha kukupa muda wa kuokoa vitu. Hati, vyeti na dawa ziwe kwenye ndoo yenye mfuniko, juu ya kabati. Tafuta mtu wa kuaminika Gongo la Mboto au Kinyerezi mpeane namba za simu. Akikwambia mto umejaa kwao, una saa tatu au nne. Na bandika ukutani jedwali la maji kujaa na kupwa. Ukipata simu hiyo siku ya bamvua kabla ya adhuhuri, wapeleke watoto na wazee kwa ndugu wa juu mapema, kabla barabara ya Kawawa haijafungwa.