GTX 970 mbili: nizibakize au ninunue kadi moja mpya?

SWALI: Habari za kazi, wahariri. Kompyuta yangu ina kadi mbili za picha za GTX 970 zilizounganishwa kwa SLI (mfumo wa Nvidia wa kufanya kadi mbili zichore gemu moja), prosesa ya i7-4790K, RAM ya GB 16 na pawa saplai ya wati 750. Gemu mpya zinakwamakwama na chumba kinafukuta. Fundi mmoja ananishauri nitafute GTX 1080 mbili zilizotumika, mwingine anasema nibadilishe kompyuta nzima. Nimsikilize nani?
Msomaji, Tabata

JIBU: Kwa sasa usimsikilize yeyote, hasa huyo wa GTX 1080 mbili.

Kadi mbili hazijumlishi memori. Kila moja hutunza nakala yake ya picha zilezile, kwa hiyo gemu inaona GB 4, si 8. Na kwenye GTX 970, nusu GB ya mwisho ina kasi ndogo kuliko zile 3.5 za mwanzo. Kadi hizi hupokezana fremu, yaani picha mojamoja zinazounda mwendo wa gemu: hii ikichora moja, ile inachora inayofuata. Gemu za siku hizi hulainisha picha kwa kuitazama fremu iliyotangulia, nayo imo kwenye memori ya kadi ya pili, hivyo lazima inakiliwe kwanza. Faida inapotelea hapo. Ndiyo maana kihesabu kinaweza kuandika fremu 70 kwa sekunde huku jicho linaona picha inaruka.

Zaidi ya hayo, tangu Januari 2021 Nvidia haitengenezi tena mipangilio ya SLI kwa gemu mpya. Kazi hiyo imeachiwa watengenezaji wa gemu wenyewe, na wachache mno wanaihangaikia. GTX 970 na GTX 1080 zote zimeondolewa kwenye draiva (programu zinazoendesha kadi) za kawaida za gemu tangu Oktoba 2025, zimebaki na marekebisho ya usalama tu. Ukinunua 1080 mbili utakuwa umenunua wati 360 za joto na GB 8 za memori.

Kabla ya kutoa hela, fanya jaribio hili la bure. Fungua paneli ya Nvidia, zima SLI, cheza gemu zako tatu unazozipenda kwa kadi moja. Fremu zikipungua kidogo tu, kadi ya pili ilikuwa inakula umeme bure. Kisha angalia matumizi ya kadi na prosesa: kadi ikiwa asilimia 95 na kuendelea, kadi ndiyo inayobana. Ikiwa kwenye 60 huku kiini kimoja cha prosesa kimejaa, hata kadi mpya haitakusaidia sana kwenye gemu hiyo. Hapo yule fundi wa pili ana hoja.

Kwa skrini ya 1080p tungechukua RTX 4060 (wati 115) au RX 6600 (wati 132). Ukiipata RTX 3060 ya GB 12 kwa bei nzuri, ni chaguo zuri pia: inatumia njia zote 16 za PCIe (njia za data kati ya kadi na madabodi, ubao mkuu wa kompyuta), wakati hizo mbili za kwanza zinatumia 8, na madabodi yako ni ya PCIe 3.0, toleo la zamani lenye kasi ndogo. Kaa mbali na RX 6500 XT, ina njia 4 tu na itaumia kwenye madabodi hiyo. Intel Arc nazo zinategemea Resizable BAR (uwezo wa prosesa kuifikia memori yote ya kadi kwa mkupuo), ambayo madabodi za umri huo kwa kawaida hazina.

GTX 970 mbili zikifanya kazi kwa nguvu zote hula wati 290. Tofauti na RTX 4060 ni wati 175: ukicheza saa nne kila siku ni uniti 21 hivi kwa mwezi, yaani zaidi ya shilingi 7,000 za LUKU kwa bei ya karibu 350 kwa uniti. Feni ya ukutani usiihesabu.

Kufunga: ondoa draiva za zamani kwa DDU (programu ya kuzifuta kabisa), zima, chomoa waya ukutani, toa kadi zote mbili na daraja la SLI linaloziunganisha. Kadi mpya iingie tundu la juu: ukiwa na kadi mbili tundu hilo lilikuwa limegawiwa nusu ya njia, sasa litazipata zote. Tumia nyaya zilizokuja na pawa saplai yako tu. Nyaya za pawa saplai nyingine zinaweza kuingia vizuri kabisa lakini pini zake zimepangwa tofauti, na hapo huunguza kadi. Kama skrini yako bado ni ya VGA, kadi mpya hazina tundu hilo wala la DVI: nunua kigeuzi cha HDMI kwenda VGA.

Prosesa iache mpaka mwakani. Kadi utahama nayo.

SWALI: Kariakoo nimeonyeshwa RX 580 ya GB 8 kwa bei ya kutupa. Niichukue?
Msomaji, Mbagala

JIBU: Omba ichomekwe hapohapo na ufungue GPU-Z, programu inayoonyesha undani wa kadi. Soma idadi ya shaders (viini vidogo vya kuchora): RX 580 kamili ina 2304. Ukikuta 2048, ujue unauziwa kadi yenye nguvu za RX 570, basi bei ishuke. Ikipita hapo, iache ifanye kazi nzito dakika 20 ukitazama joto na feni zote mbili. Nyingi za aina hii zilichimba sarafu za kidijitali usiku na mchana, na feni ndizo hufa kwanza.