Tangu tuhamie Dodoma, binti yangu hasemi na mtu

*Shangazi, shikamoo. Tumehamia Dodoma mwezi wa sita tukitokea Bujumbura, mume wangu amepata kazi ya ujenzi Mtumba. Mimi nimekulia Buyenzi, mtaa wa Bujumbura wanakoongea Kiswahili, kwa hiyo nakijua, ila na binti yetu wa miaka mitatu nyumbani tunaongea Kirundi. Kule alikuwa mcheshi. Hapa hasemi na mtu isipokuwa mimi, ameanza tena kukojoa kitandani, pua inamtoka damu, chakula anachagua. Baba yake anaondoka alfajiri anarudi usiku. Sina rafiki hata mmoja. Majirani wanasema nimpeleke chekechea haraka achangamke. Mimi nawaza kurudi kwetu. — Mama Ineza, Nzuguni*

Marahaba mwanangu, karibu sana Dodoma. Nianze na hilo la kunyamaza maana ndilo linalokunyima usingizi. Mtoto anayepiga soga na mama yake, akacheka na kuuliza maswali, hajaharibika. Mbele za watu yuko kimya kwa sababu anasikiliza. Watoto wengi wakiingia kwenye lugha mpya hupitia kipindi hicho, wengine wiki kadhaa, wengine miezi, kisha maneno yanaanza kutoka moja moja. Usimsimamishe mbele ya wageni umwambie "haya, sema shikamoo" huku watu watano wamemkodolea macho. Salimia wewe; yeye akipunga mkono inatosha.

Na Kirundi usikiache. Utaambiwa uongee naye Kiswahili tu ili azoee upesi, nami hilo silikubali hata kidogo. Nyumba imebadilika, bibi hayupo, hewa si ile. Lugha ya mama yake ibaki. Kiswahili atakiokota uani kwa watoto wenzake. Wewe mpe maneno machache ya kumsaidia akiwa peke yake: maji, choo, naumwa, sitaki, namtaka mama. Yaseme wakati wa tendo lenyewe, kikombe kikiwa mkononi. Ila akianza kunyamaza hata kwako, akipoteza maneno ya Kirundi aliyokuwa nayo, au ukimwita akiwa amekupa mgongo asigeuke, mpeleke Hospitali ya Rufaa ya Mkoa aangaliwe masikio. Hapo usisubiri.

Kukojoa kitandani kwa umri huo baada ya kuhama ni jambo la kawaida. Tandika nailoni chini ya shuka, mpeleke chooni kabla ya kulala, asichapwe wala kusimangwa. Akilia wakati wa kukojoa, akiwa na homa, au akinywa maji kupita kiasi, apimwe.

Sasa pua. Umetoka kando ya ziwa, hewa ina unyevunyevu. Dodoma kuanzia Mei hadi Novemba mvua ni nadra, upepo unavuma, vumbi linapanda. Ngozi ya ndani ya pua inakauka na kupasuka, kidole cha mtoto kinamalizia. Damu ikitoka mkalishe, kichwa kiinamie mbele kidogo, bana sehemu laini ya pua dakika kumi mfululizo. Usiachie kila mara kuchungulia, ndiyo maana kwa wengi haikatiki. Usimlaze chali wala kumrudisha kichwa nyuma, damu itashuka tumboni atapike. Usiku mpake mafuta mepesi ya Vaseline kwenye mlango wa pua, kucha zikatwe, na nyunyiza maji uani kabla ya kufagia. Ikizidi dakika ishirini, au fizi nazo zikivuja damu, hospitali.

Vumbi hilohilo linakuja na nzi. Mnawishe uso asubuhi na jioni, awe na taulo lake peke yake. Trakoma, ugonjwa wa macho wa kuambukiza unaoweza kupofusha, imesumbua watoto wa mkoa huu miaka mingi, na nzi wanaotua kwenye tongotongo ni mojawapo ya njia zake.

Chakula kisikutoe machozi. Nenda Soko la Majengo uulizie dagaa wa Kigoma: ni ndagala wenu wa ziwa lilelile la Tanganyika. Waoshe maji ya uvuguvugu mara mbili mchanga utoke, uwapike kama ulivyozoea. Pembeni ya sahani weka kijiko kimoja cha kitu cha huku, mlenda kwa mfano, bila kumbembeleza. Chakula kipya mtoto anaweza kukikataa hata mara kumi kabla ya kukionja. Zabibu zetu ni tamu, lakini mkatie vipande vinne kwa urefu. Zabibu nzima inaweza kumkaba.

Chekechea ndiyo, lakini si wiki ijayo. Kwanza nenda kliniki ya watoto na kadi yake ya chanjo ya Burundi. Muuguzi aangalie kama alipata surua-rubela ya pili, ile ya miezi 18, na kama amefikia vitamini A na dawa ya minyoo, ambazo hutolewa kila miezi sita. Kaa kwenye benchi mapema, zungumza na mama mwenye mtoto wa rika lake, muombe namba. Huko ndiko marafiki wanakopatikana. Jitambulishe pia kwa mwenyekiti wa mtaa.

Ukichagua kituo, omba kuona cheti cha usajili, kisha chungulia choo na maji ya kunawia. Siku za kwanza kaa naye saa moja mwondoke pamoja. Halafu mwache nusu saa, ukiaga waziwazi: "nakuja mkishakunywa uji." Uje kweli uji ukiisha. Ukitoroka akiwa anacheza, kesho yake atakung'ang'ania mlangoni. Mwalimu mpe karatasi yenye maneno ya Kirundi anayotumia akitaka choo au maji.

Baba Ineza naye ana kazi. Aangalie tarehe za kibali chake cha kazi na hati zenu za kukaa kama wategemezi wake, afike Uhamiaji kabla hazijaisha. Hati hizo hazikuruhusu kuajiriwa, na amri ya mwaka 2025 inawakataza wasio raia biashara kadhaa, zikiwemo saluni na duka la rejareja, basi usianze kusuka watu nywele kabla ya kuuliza. Jumapili mtoto awe wake asubuhi nzima, wewe utoke.

Kuhusu kurudi, sipingi, lakini usiamue mwezi huu. Kaeni mpaka mvua za Desemba, kisha mlizungumze wawili, mtoto akiwa amelala.