Wazazi wazima, mtoto ana selimundu

Pole dada wa Igoma. Unauliza imekuwaje mtoto awe na selimundu wakati wewe na mumeo hamuumwi, na mawifi wameshaanza maneno. Wapuuze. Ugonjwa huu hurithiwa pande zote mbili, jeni moja kwa baba na moja kwa mama. Mwenye moja tu kwa kawaida haugui. Kila mimba yenu ina uwezekano wa 1 kati ya 4 wa kuleta mtoto mwenye selimundu.

Miezi ya mwanzo mtoto alikingwa na himoglobini ya kitoto, aina ya protini ya damu inayobeba oksijeni. Ilipopungua, chembe nyekundu zikaanza kujikunja kama mundu na kuziba mishipa midogo, ndiyo maana vidole vyake vilivimba. Muulizeni daktari pale hospitali ya Bugando kuhusu dawa ya haidroksiurea, huongeza himoglobini hiyo ya kitoto. Chandarua kila usiku, na homa ikipanda usisubiri kukuche.