Maswali ya wasomaji: kambi nafuu karibu na Malindi

SWALI (Muyeye, Malindi): Tuko sita, tuna mahema mawili na gari moja. Twataka mahali pa umma pa kulala siku mbili, pasiwe ghali wala pasijae watu. Na ufuoni je, si bure?

JIBU: Anzeni na msitu wa Arabuko-Sokoke. Kituo kiko Gede, kando ya barabara ya Mombasa, kilomita 20 hivi kutoka kwenu. Wageni wengi huja asubuhi kutazama ndege, kisha hurudi hotelini. Usiku hubaki kimya. KWS (shirika la wanyamapori) na KFS (shirika la misitu) wanausimamia pamoja, basi ulizeni kituoni ada ya kambi yalipwa kwa nani kabla ya kukita hema. Ndovu wamo: maembe na machungwa yalale ndani ya gari, si hemani.

Mkitaka nyika, lango la Sala la hifadhi ya Tsavo Mashariki liko zaidi ya kilomita 100 magharibi. Hapa ndipo pesa hupotea. Ada ya kuingia na ada ya kambi ni mbili mbalimbali, na ya kuingia huhesabiwa kwa saa 24. Mkiingia Ijumaa saa nne asubuhi mkatoka Jumapili saa kumi jioni, mnadaiwa siku ya tatu. Ingieni saa tisa mchana, mtoke Jumapili kabla ya saa tisa. Lango hufungwa saa kumi na mbili jioni. Lipeni kwa eCitizen, tovuti ya serikali, mkiwa bado mjini penye mtandao, na kila mtu abebe kitambulisho, la sivyo hamtapewa bei ya mwananchi.

Kambi za KWS ni aina mbili. Ya umma haihifadhiwi. Basi la shule likija, choo ni cha wote. Kambi maalumu ni yenu peke yenu, lakini ina ada ya kuihifadhi juu ya ada ya kila kichwa, na haina choo wala maji. Ada hiyo ikigawanywa kwa sita, twaona inafaa. Kwa wawili, hapana. Bebeni madumu matano ya lita 20: kwa watu sita, Ijumaa hadi Jumapili, ni lita tano na ushei kwa mtu kwa siku, kunywa na kupika tu.

Epukeni Agosti, Desemba na Pasaka. Masika pia, kwa sababu gari hunasa topeni.

Ufuoni hatupendekezi. Juu ya mstari wa maji kuna viwanja vya watu, na kasa hutaga mchangani. Tena bamvua, yaani maji makuu ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, pwani yetu hujaa karibu saa kumi, alasiri na alfajiri, kwa hiyo aliyekita hema usiku maji yakiwa mbali huamka amelowa.

SWALI (Lamu): Vigingi vyang'oka mchangani. Nifanyeje?

JIBU: Jaza mchanga mfuko wa unga, ufunge kamba katikati, uuzike ukiwa umelala kina cha sentimita 30, kisha ukanyage. Kigingi chembamba hakina cha kushika kwenye mchanga mkavu, hata ukipigilie vipi.