Nilikula mara moja, nikaliwa mwaka mzima

SWALI: Shikamoo mjomba. Niko Marekani, sijaoa, nimepanga chumba. Mwaka 2025 nilikula dola 3,400 kwenye mashine ya sloti, kasino wakanipa fomu W-2G, ile ya kuripoti pesa za kamari. Lakini nikijumlisha mwaka mzima, nimeliwa kama 4,100. Sasa nalipia kodi ya nini? Nikiacha kuziandika kuna ubaya?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Ubaya upo. Hiyo W-2G hukupewa peke yako, nakala imekwenda IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani. Ukinyamaza, barua itakufuata.

Najua hesabu yako: 3,400 toa 4,100, andika sifuri. Kule haiendi hivyo. Ulichokula kinaandikwa chote kama mapato, Jedwali 1 la fomu 1040, ile unayojaza kila mwaka kutangaza mapato yako. Ulicholiwa kinakwenda Jedwali A, tena hakiruhusiwi kuzidi ulichokula, kwa hiyo zile 700 za juu zimekwenda na maji. Halafu Jedwali A ni la wanaoorodhesha makato yao moja moja, yaani pesa zinazopunguzwa kwenye mapato kabla ya kupiga kodi. Wewe usiye na mke, mwaka 2025 unapewa makato ya jumla ya dola 15,750 bila kuulizwa risiti. Huna mkopo wa nyumba. Utaorodhesha nini mpaka uzipite? Chukua ya jumla, ulipe kodi ya ulichokula. Inauma, najua.

Na hata ungeorodhesha, ushahidi uko wapi? Mteja wangu mmoja alinijia na mfuko wa nailoni umejaa risiti za ATM, nyingine wino umeshafutika. Risiti ya ATM inasema ulitoa pesa. Haisemi ulizitia kwenye mashine. Nunua daftari la mfukoni. Ukitoka kasino, kabla hujawasha gari, andika tarehe, jina la kasino, mchezo, uliokuwa nao, ulichokula na ulicholiwa.

Mwaka wa kodi 2026 ni mgumu zaidi: sheria iliyosainiwa Julai 2025 inaruhusu kukata asilimia 90 tu ya hasara. Aliyekula 10,000 akaliwa 10,000 anakata 9,000, na dola 1,000 ambayo hana mfukoni inahesabiwa mapato. Mimi naiona ni dhuluma, lakini ndiyo sheria.

Jimbo hukunitajia. Ukiwa Texas au Nevada, kodi ya mapato ya jimbo haipo. Kwingine, soma kwanza fomu ya jimbo lako, maana si yote yanayofuata hesabu ya IRS.